Gavana ya Fuso na Ndugu wa Kuchanjiana

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana hukukosa harusi, ulikosa msiba wangu tu, kwa hiyo nitakupa kwa ufupi kisha tuendelee. Naitwa Dastan, dereva, mzaliwa wa Ihembe huku Karagwe. Nilikodi Fuso kwa kampuni moja ya Mwanza nibebe ndizi na maharage. Kampuni ikataka dhamana, nami nikaweka kibanja alichotuachia baba, chenye migomba, mibuni na makaburi ya wazazi wetu wawili. Kaka yangu Kahigi alinikataza, akanuna, mwishowe akakubali.

Mkataba ulikuwa na masharti mengi, lakini moja walinisomea mara mbili: usiguse kidhibiti mwendo. Sisi madereva kidude hicho tunakiita gavana. Kimefungwa kwenye injini, na gari likifika hamsini linagoma, hata ukanyage mafuta mpaka kiatu kitoboke. Ukikichezea, gari linarudi Mwanza na kibanja kinakwenda nalo.

Niliishia pale simu ilipoita Jumatatu asubuhi, nikiwa nafunga turubai. Alikuwa Salvina, msimamizi wa magari ya kampuni.

"Dastan, uko wapi?"

"Niko nyumbani, dada. Za kazi?"

"Gavana ya gari lako imekatwa waya tangu jana. Inatuletea alama nyekundu hapa ofisini. Usiwashe gari, usiguse kitu. Nakuja na fundi."

"Imekatwa na nani?"

"Hilo ndilo ninalokuja kukuuliza."

Nikakaa kwenye tairi la akiba. Niliutazama mgomba ulioegemea kaburi la mama. Gari lilikuwa limelala hapohapo uani tangu Jumamosi. Nani akate waya wa gari lililolala?

Mtu mwenye akili angetulia akamsubiri Salvina. Mimi nilimpigia simu mnywani wangu.

Wasomaji wa mbali wataniuliza mnywani ni nani. Ni ndugu wa kuchanjiana. Kijana wa siku hizi hafanyi tena mambo hayo, na mchungaji wangu akisoma hapa atanitenga na meza ya Bwana, lakini mimi nilifanya. Polikarpi wa Songambele, kule Kyerwa, ndiye aliyenitoa kwenye gari lililopinduka mlima wa Bweranyange, akanibeba mgongoni wakati wengine wanagombania maharage yaliyomwagika. Baba yake, mzee Bainomugisha, alisema watu waliookoana hivyo hawawezi kubaki marafiki tu. Tukachanjwa karibu na kitovu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja akapaka punje yake damu, akampa mwenzake ameze.

Sheria zake si nyingi. Mnywani hanyimwi. Mnywani hatajwi kwa ubaya mbele za watu, yeye wala watu wa nyumba yake. Anayevunja, tumbo linamvimba. Mimi ni Mlutheri wa kubatizwa na kupewa kipaimara, lakini tumbo langu, sijui nani alilibatiza, linaamini kila neno la mzee Bainomugisha.

Basi Polikarpi akaja na pikipiki yake. Ni fundi umeme wa magari, na mikono yake inajua waya kuliko mchumba anavyojua nywele za mwenzake. Akainua kabini, akainama, akapiga mluzi.

"Mnywani, hii imekatwa kweli. Ona, iko wazi kabisa."

"Sasa nifanye nini?"

"Niunganishe. Wakifika wakute iko salama."

"Salvina amesema nisiguse."

"Wewe hugusi. Nagusa mimi. Au unaninyima?"

Neno hilo halina jibu kwa mtu aliyemeza punje. Nikasogea pembeni, naye akaunganisha, akafunga utepe mweusi, akapangusa mikono.

"Wakikuuliza, waambie ni panya. Gari la kubeba maharage halikosi panya."

Nikamshukuru. Nilimshukuru, jamani! Nikamwambia Mama Koku, mke wangu Edvina, ampe chai, na akaondoka na mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki.

Salvina alifika kesho yake na fundi wao, mtu mzima mwenye miwani na kompyuta mkobani. Hakutaka kiti wala chai. Fundi akainua kabini, akautazama ule utepe mweusi, akamwita.

"Nani ameunganisha hapa?" Salvina akauliza.

"Dada, nadhani ni panya."

"Panya ameunganisha?"

"Panya amekata."

"Na huyo panya alikuwa na koleo? Mkato umenyooka hivi, Dastan. Nilikuambia usiguse."

Nikajikuna kichwa kama mwanafunzi. Fundi akachomeka waya wa kompyuta yake kwenye gavana, akasoma, akasogeza miwani.

"Ukikata waya wa injini gari linakimbia utakavyo," alisema, "lakini gavana yenyewe haifi. Ina betri yake, inaendelea kukumbuka. Hili gari linatoka hapa kila Jumapili asubuhi. Linakwenda Kyerwa, linapita Songambele, linafika karibu na mpaka. Kurudi linakimbia tisini."

"Jumapili?" Nilicheka kwa kweli. "Baba, kompyuta yako ina malaria. Jumapili niko kanisani, waulize usharika mzima."

"Huko nyuma anayelichukua alikuwa anakata na kuunganisha vizuri, tukadhani ni mtandao unasumbua milimani. Jumapili hii hakuunganisha. Aliuacha waya wazi kama mtu anayetaka aonekane."

Kicheko kikaniishia. Kweli, Jumapili sigusi usukani. Ibada kwetu ni ndefu, na ikiisha kuna mnada wa sadaka: mayai, mikungu, kuku, maharage ya mavuno. Mnadishaji ni mimi. Ninajua kulipandisha yai moja mpaka lifikie bei ya kuku, watu wakicheka na kupiga vigelegele, na siku nyingine tunatoka jua limeshapinda. Mtu anayejua mnada wangu unavyochelewa anaweza kwenda mpakani na kurudi, lakini kwa mwendo wa hamsini asingewahi. Ndiyo maana gavana ilikatwa. Kumbe nilipokuwa napandisha bei ya mayai ya Bwana, nilikuwa namwongezea mwizi muda.

Nikaingia jikoni. Edvina alikuwa anamenya ndizi.

"Mama Koku, Jumapili ufunguo wa Fuso unakaa wapi?"

"Pale pale msumarini."

"Wewe siku hizi kila Jumapili unabaki nyumbani kwa ajili ya mgongo. Kuna mtu anauchukua?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Si Polikarpi? Anakuja ukishatoka, anarudi kabla hujafika. Na mafuta anarudishia."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie nini, Baba Koku? Siku ulipomleta hapa ulisema mwenyewe, huyu ni mnywani wangu, chochote anachotaka apewe, asiulizwe. Nikajua mmepanga wenyewe."

Sikuwa na neno la kumlaumu, maana maneno yale yalikuwa yangu, na niliyasema kwa kujisifu mbele ya wageni. Uchungu uliokuja ulikuwa wa aina ambayo sikuwahi kuionja. Mwizi wa usiku unamkimbiza na mbwa. Huyu aliingia mchana kwa mlango wa mbele, akakaribishwa na mke wangu kwa jina la damu yangu.

Salvina alikuwa ananisubiri uani.

"Dastan, mimi sina ugomvi na wewe. Kama kuna mtu alichukua gari bila wewe kujua, mtaje. Ukimtaja, kibanja chako kinabaki. Usipomtaja, kesho nakwenda ofisi ya kata kukabidhiwa."

Jina lilifika kwenye meno. Nikalimeza.

"Nipe mpaka kesho, dada."

"Mpaka kesho," alisema, akapanda gari lao.

Nikakodi bodaboda hadi Songambele. Njia nzima nilikuwa napanga matusi, mazito kwa mepesi. Nilimkuta Polikarpi zizini na baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani kwako."

Mzee akatuachia nafasi, akawafuata ng'ombe wake. Polikarpi akaniangalia usoni, akajua kwamba nimejua. Hakukimbia wala hakukana.

"Ulikuwa unabeba nini?" nikamuuliza.

"Kahawa. Ng'ambo wanaipokea bila maneno mengi."

"Kahawa ya magendo, kwa gari langu! Unajua makaburi ya nani yamewekwa dhamana?"

"Najua."

"Na waya, mbona safari hii uliuacha wazi?"

"Haraka, mnywani. Niliona mtu barabarani nikaogopa."

"Polikarpi, ulinibeba mgongoni Bweranyange. Ungeniacha nife kule kule kuliko hivi."

Hapo akapiga magoti. Mtu mzima, kwenye samadi ya ng'ombe, akanishika miguu. "Nisamehe. Sitaki uvunje kiapo kwa ajili yangu. Kesho nitakuja mwenyewe ofisi ya kata, niseme mbele ya wote kwamba aliyeendesha ni mimi na aliyekata ni mimi. Wewe usifungue mdomo."

"Unaapa?"

"Tumbo langu linisikie."

Matusi yote niliyoyapanga yakapotelea njiani. Nikamwinua. Akaniletea maziwa kwenye kibuyu, nikanywa mpaka nikafuta mdomo kwa mkono, tukaagana kwa kukumbatiana. Nilirudi Ihembe naimba tenzi juu ya bodaboda, na dereva akaniuliza kama nimepata mtoto wa kiume.

Sasa shika kiti chako, msomaji.

Ofisi ya kata kulikuwa na mama mtendaji, Therese, nyuma ya meza yake. Salvina alikaa kulia kwake. Mimi nilikuja na Edvina, na kaka Kahigi akaja kwa sababu kibanja ni cha ukoo na yeye ndiye mkubwa. Alikaa karibu na mlango, kofia magotini, hakunijibu salamu.

Polikarpi alifika amevaa shati lililopigwa pasi. Akasalimia kwa adabu, shikamoo kwa Kahigi, shikamoo kwa mama mtendaji, kisha akaomba kusema.

"Aliyeendesha lile gari Jumapili ni mimi."

Nikashusha pumzi.

"Na waya wa gavana niliukata mimi."

Bwana asifiwe, nikasema moyoni.

"Lakini nilitumwa na Dastan."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama nione kama anatania, nikakuta uso wake umetulia kabisa.

"Polikarpi! Unasema nini?"

"Kaa, mnywani. Ulikuja mpaka zizini kwetu kunitaka niseme ukweli. Nausema."

Mama mtendaji akagonga meza. "Una shahidi?"

"Ninaye. Mke wake mwenyewe." Akamgeukia Edvina kwa upole, kama daktari na mgonjwa. "Shemeji, waambie. Siku Dastan aliponileta kwenu, alikuagiza nini juu yangu?"

Edvina hajui kusema uongo. Niliwahi kujivunia jambo hilo. Aliniangalia akitafuta msaada, nami sikuwa na msaada wowote wa kumpa.

"Alisema... chochote anachotaka apewe, asiulizwe."

"Nilipotaka ufunguo wa gari, ulinipa?"

"Nilikupa."

"Uliniuliza ninakwenda wapi?"

"Sikukuuliza. Nilikatazwa."

"Nani alikukataza?"

"Baba Koku," akasema kwa sauti ndogo, akaanza kulia.

Salvina akanigeukia. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilinitisha zaidi. "Kwa hiyo ruhusa ilitoka kwako. Gavana ilipokatwa ukamwita huyo huyo aje kuiunganisha baada ya mimi kukukataza. Kisha ukanipa hadithi ya panya."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Angekuwa amesema uongo ningemrukia. Niliona aibu, niliona hasira, na zaidi ya vyote niliona upweke, maana mtu pekee ambaye ningemkimbilia siku kama ile alikuwa amekaa mbele yangu ananikaanga.

"Mama mtendaji," Salvina akaendelea, "nakabidhiwa kibanja. Mwambie Dastan asiwe na wasiwasi na migomba, haitakatwa. Kampuni yetu haina kazi na shamba, tutamwachia mnunuzi. Mwezi jana tulipata mtu aliyekuja ofisini kukiulizia."

"Mwezi jana?" nikasimama. "Dada, mwezi jana sikuwa na kosa lolote. Gavana imeonekana imekatwa Jumapili hii. Mtu anaulizaje kibanja ambacho hakiuzwi?"

Salvina akaweka karatasi zake chini. Naona ndiyo kwanza lilikuwa linamwingia.

"Nani huyo?" nikauliza.

Macho yake yalikwenda kwa Polikarpi yakabaki hapo.

Polikarpi akaweka mikono juu ya magoti. "Makaburi ya wazazi nitayatunza, mnywani. Kila Pasaka nitayapalilia. Mama yako ni mama yangu pia."

Wenzangu, kuna maneno mtu akikuambia huwezi kuyabeba ukiwa umekaa. Nilisahau kitovu, nikasahau punje, nikasahau mzee Bainomugisha na mambo yote ya matumbo kuvimba. Kama litavimba, livimbe mpaka lipasuke.

"Mama mtendaji, chukua kalamu," nikasema. "Gari langu lilikuwa linavusha kahawa ya magendo kila Jumapili, mimi nikiwa kanisani sijui. Aliyelivusha ni Polikarpi mwana wa Bainomugisha, wa Songambele. Alikiri kwangu kwa mdomo wake jana zizini, akiwa amepiga magoti. Mtu huyu si ndugu yangu."

Edvina akapiga ukunga. Kahigi akasema, "Dastan!" kwa sauti ya marehemu baba.

Nilimsubiri Polikarpi aruke, akane, anipige. Hakufanya hata kimoja. Alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Mmesikia wote," alisema. "Amenitaja. Amevunja yeye kwanza."

"Wewe ulinisingizia kabla sijafungua mdomo!" nikafoka.

"Nilisema nimetumwa na wewe, na mkeo amekubali kwamba ruhusa ilikuwa yako. Kwa sheria ya mkago wetu wa kuchanjiana nilikuwa nimefungwa mdomo juu yako na juu ya watu wa nyumba yako. Sasa umenifungua." Akamgeukia Therese. "Mama mtendaji, usiweke kalamu chini. Mimi ni fundi, na kwetu ni wafugaji, kibanja cha migomba ni cha nini kwangu? Mwanza nilikwenda kwa niaba ya mtu. Na huyo mtu ndiye aliyeniambia safari hii niuache waya wazi."

"Mtu gani?" Salvina akauliza.

"Yumo humu ndani. Na ni mtu wake Dastan."

Nikageuka. Kaka yangu Kahigi alikuwa ananitazama usoni, machozi yamemjaa. Mke wangu alikuwa anatazama sakafu. Ni yupi kati yao, nitakuambia gazeti la wiki ijayo.